Mwezi wa Mvua na Joto la Usiku: Mahali pa Mikunde Kandokando ya Shari

Kasenyi, kwenye ufuo wa Ziwa Albert, maharage hustawi majani yakakosa maganda. Katika bonde la mto Shari, kando ya mji wa Bunia, yakipandwa kwa wakati wake huzaa vizuri mara mbili kwa mwaka. Nioka, kwenye miinuko ya kaskazini, huzaa pia, ila hukawia shambani, na aina zinazopanda mitini ndizo zinazofanya vizuri zaidi. Sehemu hizi tatu zimo katika jimbo moja la Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, na kutoka Kasenyi hadi Bunia hakuzidi kilomita 60. Udongo unachangia tofauti hiyo, mbegu inachangia, na bidii ya mkulima inachangia. Lakini yote hayo hufanya kazi ndani ya mipaka iliyowekwa na joto na mvua.

Tumezoea kuyataja mawili haya kwa wastani wa mwaka. Husemwa kwamba Bunia hupata mvua ya takribani milimita 1,200 kwa mwaka, na joto la wastani linalokaribia nyuzi 22 za Selsiasi. Hesabu hizo zinamtosha anayetaka kujua kama nchi ni kavu au ni ya rutuba. Kwa mkulima wa mikunde hazitoshi hata kidogo. Mahali pa zao la mikunde huamuliwa hasa na vitu viwili ambavyo wastani huvificha: joto la usiku katika wiki za maua, na mwezi ambao mvua inaanza na kukatika. Ukivijua hivyo, ramani ya mikunde ya Ituri inasomeka. Usipovijua, utamlaumu muuza mbegu kwa kosa la hewa.

Ngazi ya joto, kutoka ziwani hadi mlimani

Bunia iko digrii moja na nusu tu kaskazini mwa ikweta. Katika nchi za namna hii joto la Januari na la Julai halitofautiani sana. Kinachobadilisha joto ni mwinuko. Kila mita 100 unazopanda, hewa hupoa kwa karibu nyuzi 0.6. Ziwa Albert liko kama mita 619 kutoka usawa wa bahari. Bunia na bonde la Shari ziko karibu mita 1,250. Nioka iko takribani mita 1,700, na Milima ya Bluu katika maeneo ya Djugu na Mahagi hufikia takribani mita 2,400 kwenye kilele cha Aboro. Kwa hesabu hiyo, kutoka ziwani hadi Shari joto hushuka karibu nyuzi nne. Kutoka Shari hadi Nioka hushuka karibu nyuzi tatu nyingine. Na kutoka ziwani hadi kilele cha Aboro tofauti inapita nyuzi kumi.

Kila zao la mikunde lina daraja lake katika ngazi hiyo. Kunde hupenda joto la nyuzi 25 hadi 35, na choroko haiko mbali nayo. Karanga hustawi kati ya nyuzi 22 na 30, soya kati ya 20 na 30. Maharage ya kawaida hutaka wastani wa nyuzi 16 hadi 24. Njegere ndiyo inayopenda ubaridi kuliko yote, na nyuzi 13 hadi 18 zinaifaa kabisa. Ukiilaza orodha hii juu ya miinuko ya Ituri, utaona ufuo wa ziwa ni nchi ya kunde na choroko, na miinuko ya Djugu na Nioka ni nchi ya maharage na njegere. Bonde la Shari liko katikati, mahali ambapo karanga, soya, kunde na maharage yote yanaweza kukutana katika shamba moja.

Kukutana huko ndiyo neema ya Shari, na ndiyo hatari yake. Maharage hapo yako karibu na mpaka wake wa juu wa joto, na karanga ziko karibu na mpaka wake wa chini. Mwaka ukiwa na joto lililozidi kidogo la kawaida, karanga zinafurahi na maharage yanapoteza maua. Mwaka ukiwa wa ubaridi na mawingu, karanga zinachelewa kujaza na maharage yanapona, almradi maji hayajazidi. Ndiyo maana desturi ya kuchanganya mazao katika shamba moja, ambayo wataalamu wengi wa zamani waliiona kuwa ni uvivu, ina hekima kubwa katika nchi ya mpakani kama hii. Anayepanda zao moja tu ameweka tegemeo lake lote kwenye aina moja ya mwaka.

Usiku wa maua

Kwa nini usiku? Chavua ya maharage hutengenezwa ndani ya chipukizi la ua siku kadhaa kabla ua halijafunguka. Usiku ukibaki na joto la zaidi ya nyuzi 20 au 22, sehemu kubwa ya chavua hiyo hufa au hukosa nguvu. Ua hufunguka kama kawaida, linapendeza, kisha linaanguka bila kuacha ganda. Tena usiku mmea haupokei mwanga wa kutengenezea sukari, lakini unaendelea kuitumia ile ya mchana. Kadiri usiku unavyokuwa na joto ndivyo sukari hiyo inavyokwisha haraka, na punje hubaki na kidogo cha kujazia. Joto la mchana likipita nyuzi 30 nalo huharibu maua, ila mmea ambao usiku unapumzika katika ubaridi huweza kustahimili mchana mkali kwa kiasi.

Hapa ndipo tofauti ya Kasenyi na Shari inapoeleweka. Ziwa hukusanya joto la jua mchana kutwa na kulitoa taratibu usiku, kwa hiyo ufuo haupoi vya kutosha. Bonde la Shari, likiwa juu ya ukingo wa bonde la ufa, hupoa baada ya jua kuzama, na asubuhi ya huko humfanya mtu atafute sweta. Ubaridi huo ndio unaoyapa maharage ya Bunia maganda yake.

Joto pia hupima muda. Maharage mafupi yasiyotambaa huwa tayari kwa siku 75 hadi 95 katika mwinuko wa kati kama wa Shari, lakini yale ya kupanda mitini huko milimani huweza kukaa siku 120. Muda mrefu una faida, kwa sababu punje hujaa zaidi na mmea huzaa kwa awamu. Una gharama pia: zao linalokaa shambani miezi minne linahitaji mvua ya miezi minne. Kwa hiyo swali la joto linatupeleka moja kwa moja kwenye swali la mvua.

Mvua: kiasi, mwezi na siku ya kukatika

Zao moja la maharage huhitaji milimita 300 hadi 500 za mvua tangu kupanda hadi kukomaa. Karanga huhitaji kama 500 hadi 700, na soya haziko mbali na hapo. Kunde hujitosheleza kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa hesabu hiyo, milimita 1,200 za Shari zinatosha mazao mawili kwa mwaka, na ndivyo inavyofanyika. Ukanda wa mvua unaofuata jua hupita juu ya Ituri mara mbili: mvua huanza Machi na kuendelea hadi Mei, hupungua Juni na Julai, hurudi kwa nguvu kuanzia Agosti hadi Novemba, kisha kiangazi hushika Desemba hadi Februari.

Misimu hiyo miwili hailingani, ingawa mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni sawa. Anayepanda Machi huvuna Juni au Julai, wakati mvua imepungua lakini haijakatika. Maganda yaliyokomaa hukaa katika unyevu, punje hupata madoa, nyingine huchipua ndani ya ganda, na kukausha kunakuwa shida ya kila jioni. Anayepanda mwishoni mwa Agosti huvuna mwishoni mwa Novemba au Desemba, kiangazi kikiingia. Punje zake hukauka vizuri na hubaki safi. Kwa hiyo zao la Machi ni zuri kwa chakula cha katikati ya mwaka, na zao la Agosti ndilo linalofaa kutoa mbegu. Mkulima anayetunza mbegu ya kupanda kutoka zao la unyevu anabeba magonjwa ya msimu uliopita hadi msimu ujao.

Mmea wa mikunde hauna kiu sawa kila siku. Ukiwa mdogo huvumilia jua la wiki moja au mbili na mizizi yake huzama zaidi. Katika wiki za maua na za kujaza maganda, siku kumi za ukavu zinaweza kupunguza mavuno kwa kiasi kikubwa. Hivyo mvua ya milimita 400 iliyogawanyika vizuri hushinda milimita 700 zilizoanguka kwa kishindo Aprili na kuacha pengo Mei. Karanga zina sharti la ziada. Ua la karanga likisharutubishwa, hutoa kishina kinachojichimbia ardhini, na ganda hutengenezwa humo. Ardhi ikiwa ngumu kwa ukavu siku hizo, kishina hakipenyi. Na ukavu wenye joto katika wiki za mwisho hufungua mlango kwa kuvu wanaotengeneza sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho na isiyoondoka kwa kupikwa.

Joto na mvua vikikutana

Si halali kuchambua kimoja kimoja kana kwamba shamba linapata joto Jumatatu na mvua Jumanne. Vinakuja pamoja, na athari zake huzidishana.

Kwanza, joto hupunguza thamani ya mvua. Hewa yenye joto hunyonya maji kutoka udongoni na kwenye majani haraka zaidi. Ufuo wa Ziwa Albert, ulio chini ya ukingo mrefu wa bonde la ufa, hupata mvua kidogo kuliko nyanda za juu. Na hiyo kidogo hukauka upesi. Kunde huishi hapo kwa sababu mizizi yake hushuka chini sana na majani yake huvumilia.

Pili, unyevu ukikutana na joto, magonjwa hubadilika kulingana na mwinuko. Penye baridi na mvua, kama Nioka, ugonjwa wa chule huacha madoa meusi kwenye maganda. Katika mwinuko wa kati kuna madoa pembe kwenye majani, na udongo ukijaa maji mizizi huoza. Shuka magharibi hadi msitu wa Mambasa, penye mvua nyingi na joto, na utakutana na kuvu anayetanda juu ya majani kama utando wa buibui na kuunguza shamba zima la maharage kwa siku chache. Kinachoyafukuza maharage katika msitu wa Ituri ni wingi wa maji yaliyokutana na joto. Penye ukavu nako kuna adui wake: inzi wa maharage hupenda miche iliyodhoofishwa na jua, na vidukari wanaoeneza virusi vya kudumaza karanga huzaliana haraka mvua inapokawia.

Tatu, kuna maisha ya chini ya ardhi. Sifa kuu ya mikunde ni vinundu vya mizizini ambamo bakteria wa rizobiamu huchukua naitrojeni ya hewani na kuipa mmea. Bakteria hao wanahitaji hewa, kwa hiyo udongo uliojaa maji huwazima. Wanahitaji unyevu, kwa hiyo ukavu huwazima pia. Wale wa maharage hulegea udongo ukipita nyuzi 30, na udongo usiofunikwa chini ya jua la saa saba mchana hufika hapo bila shida. Zaidi ya hayo, mvua nyingi za miaka elfu kwa elfu zimeosha chokaa na madini kutoka udongo wa miinuko na kuuacha na uchachu, na fosforasi ikawa haba kwa mimea. Hivyo mlima wenye hewa nzuri kabisa kwa maharage huweza kuwa na udongo unaoyanyima chakula, na mbolea ya samadi, majivu na chokaa hurudisha sehemu ya kile ambacho mvua imekiondoa.

Kongwa, somo lililogharimu

Afrika Mashariki tumewahi kuona kwa macho gharama ya kuamini wastani. Mwaka 1946 Uingereza ilituma ujumbe Tanganyika kutafuta ardhi ya kulima karanga kwa ajili ya mafuta, na mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa, nyanda za kati, baadaye Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa zaidi ya ekari milioni tatu. Joto la Kongwa liliifaa karanga, na hesabu ya mvua ya mwaka ilionekana kukubalika. Lakini mvua ya Kongwa huja kwa miezi michache, huruka wiki, na baadhi ya miaka hukosa kabisa. Mvua ilipokatika, udongo wake wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya matrekta, na karanga zikabaki zimefungwa ardhini. Januari 1951 mradi uliachwa, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo waliijua mvua hiyo na walikuwa wamejijengea maisha ya mifugo na nafaka za kuvumilia ukavu. Ujuzi wao haukuwekwa kwenye hesabu.

Mfano wa kinyume uko jirani zaidi na Shari. Nchini Rwanda, kuanzia miaka ya 1980, mashamba yalikuwa madogo na kuoza kwa mizizi kulikuwa kumeenea. Watafiti na wakulima walieneza maharage ya kupanda mitini katika miinuko ya baridi, mahali ambapo muda mrefu wa shambani na mvua ya kutosha vilikuwepo tayari. Yakaenea haraka kwa sababu yalipelekwa kwenye daraja lake. Na huko pwani, kutoka Lamu hadi Unguja, watu hawakusubiri mtaalamu: usiku wa pwani hauyapi maharage nafasi, kwa hiyo mbaazi na kunde ndizo zilizoingia mashambani, na mbaazi za nazi zikawa chakula cha asubuhi. Mapishi ya kila mahali yanaeleza hewa ya mahali hapo.

Nyuzi mbili zaidi

Sasa ngazi yenyewe inasogea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Climate Change ulionyesha kwamba, dunia ikiendelea kutoa hewa ukaa kwa wingi, hadi asilimia 60 ya maeneo yanayolima maharage Afrika kusini mwa Sahara huenda yasifae tena kwa zao hilo ifikapo mwisho wa karne hii. Miongoni mwa mazao makuu yaliyochunguzwa, maharage yalikuwa ndiyo yaliyo hatarini zaidi. Mwaka mmoja kabla, kituo cha utafiti cha CIAT kilitangaza aina za maharage zinazovumilia joto, baadhi zikitokana na kuchanganya maharage ya kawaida na ndugu yake wa jangwani, anayelimwa tangu kale kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko.

Tuyapime hayo kwa mizani ya Shari. Joto likiongezeka nyuzi mbili, ni sawa na kushusha shamba zaidi ya mita 300. Bonde la Shari litakuwa na hewa ambayo leo iko mita 900 na kidogo, karibu zaidi na ziwa kuliko na mlima. Karanga, soya na kunde zitanufaika kwa joto hilo, mvua ikiruhusu. Maharage yatalazimika kupanda juu. Lakini milima huwa myembamba kadiri unavyopanda. Ardhi iliyo juu ya mita 1,600 ni ndogo kuliko iliyo chini yake, na katika Ituri ardhi hiyo ndiyo ya Djugu na Mahagi, yenye watu wengi na majeraha mengi. Kwa hiyo kuyasukuma maharage yote mlimani ni kuongeza mzigo mahali ambapo ardhi imekwisha kumwagiwa damu. Njia ya amani zaidi ni kuyapa mabonde mazao na mbegu zinazovumilia joto.

Watu wamehama, mbegu zimehama

Hapa uchambuzi wa hewa unakutana na historia yetu. Tangu Desemba 2017 machafuko ya Djugu yamewatoa makwao watu wengi, na kwa jumla jimboni waliohama wamepita milioni moja. Wengi wao walitoka miinuko ya baridi na kuteremka kuelekea Bunia na mabonde yake, au hadi ufuoni. Aliyewahi kubeba mbegu alibeba mbegu ya mlimani. Mbegu iliyochaguliwa kwa vizazi ili itoe maua katika usiku wa ubaridi ikipandwa mita 500 chini inapata usiku mwingine kabisa, na aina ndefu ya siku 120 inavuka mpaka wa mvua kabla haijajaza. Misaada ya mbegu inayogawa aina moja kwa jimbo zima hurudia kosa hilohilo kwa kiwango kikubwa.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, vituo vya utafiti vya kimataifa vilishirikiana kurudisha mbegu, na ilionekana kwamba aina nyingi za maharage zilikuwa zimesalia mikononi mwa wakulima wenyewe. Ituri inastahili kazi ya namna hiyo: kuwauliza waliohama wamebeba nini, kutoka mwinuko gani, na kuzijaribu mbegu hizo katika madaraja tofauti ya ngazi yetu.

La kufanya

Shari haihitaji kungoja teknolojia kubwa. Kipimamvua na kipimajoto kinachoonyesha joto la chini kabisa la usiku, vikiwekwa shuleni na parokiani kutoka Kasenyi hadi Nioka na kusomwa kila asubuhi, vitatoa kwa miaka michache ujuzi ambao wastani wa jimbo hauwezi kuutoa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, kule Nioka, kilicho katika mwinuko wa baridi, kina uzoefu wa mlimani. Kinahitaji mashamba ya majaribio bondeni na ufuoni, na vyuo vikuu vya Bunia vina wanafunzi wa kuyasimamia. Mbegu zinazogawiwa ziandikwe mwinuko na idadi ya siku zake. Mkulima wa Shari apange maharage yake ili maua yafunguke katikati ya mvua na mavuno yakutane na kiangazi, aweke mbegu kutoka zao la Agosti, afunike udongo kwa mabua ili mizizi ipoe, na katika kila shamba la maharage atenge sehemu ya karanga, soya au kunde kwa ajili ya mwaka wa joto.

Joto hatuwezi kulirudisha nyuma kutoka Bunia, na mvua hatuiamuru. Lakini uamuzi wa zao gani liende kwenye mteremko upi, na mwezi gani, uko mikononi mwetu. Kuufanya bila vipimo katika jimbo lenye njaa na wakimbizi ni uzembe ambao watoto wa Ituri watalipa gharama yake.